Tabibu wa Saa ya Msiba

Katika methali zetu hapana iliyotumiwa vibaya kama ile isemayo kwamba ajali haina kinga. Makaburini methali hii hufanya kazi njema, kwa sababu humliwaza mfiwa na kumwondolea lawama asiyestahili lawama. Lakini tukirudi kutoka makaburini methali hutufuata. Huingia afisini, hukalia kiti cha mkubwa, ikawa ndiyo jawabu la kila swali. Feri imezama: ajali haina kinga. Basi limepinduka: ajali haina kinga. Wenye mapanga na bunduki wameingia mjini usiku: ajali haina kinga. Mimi sina ugomvi na kudura ya Mwenyezi Mungu, wala sitaki msomaji wangu awe nao. Ugomvi wangu ni na mtu aliyeifanya kudura kuwa kivuli cha mwembe, akajilaza chini yake. Ajali yaweza kukosa kinga, lakini majeruhi hakukosa. Baina ya dakika anayoumia mtu na dakika anayokufa aghalabu ipo nafasi, na nafasi hiyo tumeachiwa sisi wanadamu tuitumie.

Juu ya nafasi hiyo nina dai moja. Nadai kwamba Kwale, na pwani yote ya kusini ya Kenya, inahitaji matabibu waliofundishwa makusudi kwa saa ya msiba. Matabibu wanaoweza kufuatana na askari, wazima moto na waokoaji hadi mahali pa tukio, wakafanya kazi palepale penye moshi na vumbi, badala ya kungojea hospitalini waletewe kilichobaki. Nadai pia kwamba kuendelea kuishi bila ya mpango wa kuwapata watu hao si umaskini. Ni uchaguzi, tena uchaguzi mbaya.

Wewe usomaye haya huenda u mwanafunzi wa Matuga au Kinango, au huenda hujapata kuiona Kwale ila katika ramani. Basi itazame ramani. Mashariki ni bahari, kutoka mipaka ya Likoni mpaka Vanga. Kusini ni Tanzania, na mlango wake ni Lungalunga. Magharibi ni nyika ya Kinango inayopanda hadi Samburu, Taru na Mackinnon Road, ambako barabara kuu ya Mombasa na Nairobi hupita na malori yake usiku na mchana. Katikati ni vilima vya Shimba na misitu yake. Diani imejaa hoteli za wageni, na Ukunda una uwanja wa ndege ndogo. Mto Umba ukifurika huingia katika mashamba na nyumba za watu wa Vanga na jirani zao. Katika nchi moja, basi, imekusanyika milango yote ambayo msiba hupenda kuingilia: bahari, mto, anga, barabara, mpaka na msitu. Hospitali kubwa ya kaunti iko Msambweni. Majeruhi akizidi uwezo wake hupelekwa Mombasa, mwendo wa zaidi ya kilomita 50, na hospitali kuu ya Pwani iko ng'ambo ya pili ya kivuko cha Likoni. Siku hizi ipo pia barabara ya Dongo Kundu, ambayo humfikisha mtu Mombasa bila ya kupanda feri. Waliofanya kazi ile wapewe shukrani yao. Lakini barabara haizuii damu.

Nilipata kusimama kando ya barabara ya Lungalunga jioni moja baada ya matatu na lori kukutana uso kwa uso. Kabla ya polisi, kabla ya gari la wagonjwa, walifika vijana wa bodaboda na wanawake wa nyumba za karibu na leso zao mkononi. Watu wa pwani hawakosi huruma, na siku ile huruma ilikuwa tele. Kila mwokozi alimkimbilia yule aliyepiga kelele zaidi. Mwanamke aliyevunjika mkono alilia kwa sauti iliyoingia mifupani, akabebwa na watu 4. Mtoto aliyekatwa na kioo katika paji la uso, damu ikamfunika kama shela, alipakiwa mbele katika gari la kwanza. Chini ya mkanju alikaa kijana mmoja ameegemea shina, hana hata mkwaruzo wa kuonekana. Aliomba maji. Mtu akampa, akasema, "Huyu mzima, tuwashughulikie wenzake." Alikuwa kimya, rangi imempotea, jasho jembamba likimtiririka, na kila mtu akauona ukimya wake kuwa ni ustahimilivu. Gari liliporudi kumchukua alikuwa hana haja nalo. Damu ilikuwa imemjaa tumboni.

Hapana aliyekosa jioni ile. Waliobeba walibeba kwa moyo wao wote, na dereva aliyewapeleka hospitalini hakuomba hata thamani ya mafuta. Lakini hapana aliyejua. Anayelia anapumua, aliyenyamaza ndiye wa kutazamwa kwanza. Hilo ni somo la siku ya kwanza katika kazi ya kuchambua majeruhi, yaani kuwatenga watu kwa haja zao: huyu ashughulikiwe sasa hivi, huyu aweza kungoja, huyu aweza kutembea mwenyewe, na huyu, kwa huzuni, ametutoka. Mtoto wa shule aweza kulielewa somo hili kwa alasiri moja. Kulitenda mbele ya watu 60 wanaopiga mayowe, usiku, askari wakiamrisha huku na jamaa wakikushika shati kule, ni jambo jingine. Hilo halipatikani ila kwa mafunzo marefu na mazoezi ya mara kwa mara, na lazima awepo mtu mmoja ambaye neno lake linafuatwa.

Wapo watakaonijibu kwamba daktari ni daktari. Husema: tunao madaktari, tunao maafisa wa kliniki na wauguzi wanaokesha Msambweni, Kwale na Kinango, ikitokea shida wataitwa. Nawaheshimu watu hao kuliko wanavyoheshimiwa na waajiri wao, na kwa sababu hiyohiyo sikubali watupwe katika kazi wasiyofundishwa kisha walaumiwe. Nahodha wa jahazi na rubani wa ndege wote husafirisha watu, lakini hapana anayempa nahodha ndege airushe kwa kuwa ajua safari. Tabibu wa wodini huuliza: mtu huyu anaugua nini? Tabibu wa saa ya msiba huuliza: nani atakufa kwanza nisipomgusa? Maswali haya mawili yana elimu mbili.

Chukua mfano wa aliyezama. Wengi wetu tumeona, katika fukwe zetu, mtu aliyetolewa majini akiinuliwa miguu juu kichwa chini ili maji yamtoke. Ni desturi ya kale, nayo hupoteza dakika ambazo mtu huyo hana. Aliyezama amekosa pumzi, na pumzi ndiyo ya kumpa kwanza. Chukua aliyepigwa risasi au kukatwa mguuni: ukanda wa kukaza uliofungwa juu ya jeraha katika dakika za mwanzo hufaa kuliko chumba kizuri cha upasuaji kilicho mbali kwa mwendo wa saa 2. Chukua aliyefunikwa na kifusi. Hapa kuna jambo la ajabu ambalo akili ya kawaida haiwezi kulibuni. Mtu amelaliwa na ukuta kwa saa nyingi, anazungumza, anawaombea dua waokoaji wake. Ukuta unaondolewa, watu wanashangilia, na baada ya muda anakufa. Nyama za mwili zilizobanwa zimetengeneza sumu, na uzito ulipoondoka sumu ikaachiwa kuingia katika damu, ikashambulia moyo na mafigo. Jambo hili lilielezwa waziwazi na matabibu wa London mwaka 1941, walipowatibu watu waliofukuliwa chini ya nyumba zilizopigwa mabomu. Dawa yake ya kwanza ni kumtilia maji mishipani akiwa bado yuko chini ya kifusi. Nani atakayejipenyeza humo na sindano yake? Hawezi kuwa mwokoaji asiyejua mishipa, wala daktari asiyejua vifusi. Lazima mtu mmoja azijue elimu zote mbili.

Wala si lazima twende London. Asubuhi ya tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani mjini Nairobi ulipigwa bomu. Watu 213 walikufa pale, na maelfu wakajeruhiwa. Wengi walipofuka, kwa sababu mlipuko mdogo wa kwanza uliwavuta madirishani kutazama, na mlipuko mkubwa ukawakuta nyuso zao zimeelekea vioo. Walioweza kutembea na waliobebwa na magari ya wapita njia walifika hospitalini kwanza, wakajaza milango. Waliokuwa wameumia zaidi wakawa bado chini ya zege. Watu wa Nairobi walifukua kwa mikono yao, na ushujaa wao hausahauliki. Lakini ushujaa usio na mpango huchosha mashujaa wengi na kuokoa watu wachache. Linganisha na mji wa Boston, Marekani, tarehe 15 Aprili 2013. Mabomu 2 yalilipuka penye mwisho wa mbio za masafa marefu, watu zaidi ya 260 wakaumia, wengine wakipoteza miguu palepale. Watu 3 walikufa mahali pa tukio. Miongoni mwa wote waliofikishwa hospitalini wakiwa hai hapana hata mmoja aliyekufa. Mji ule ulikuwa tajiri, nalijua hilo, na hema la matibabu lilikuwa hatua chache tu kutoka hapo kwa ajili ya wakimbiaji. Lakini fedha peke yake haigawi majeruhi kwa haki baina ya hospitali nyingi bila ya moja kufurika. Watu walikuwa wamekwisha kuyafanya mazoezi hayo pamoja, matabibu na polisi na wazima moto, kabla ya siku ile kufika.

Sasa rudi kwetu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka muda mfupi baada ya kuondoka gatini ikiwa na watu wapatao 400, na 272 kati yao walikufa. Chanzo chake kilikuwa kujaza chombo kupita kiasi, na tabibu hatibu tamaa ya mwenye chombo. Sisemi, basi, kwamba tabibu angeliwarejesha watu 272. Nasema kwamba msiba wa namna ile huwatupa ufukoni watu wa namna 3 kwa mara moja: waliokufa, waliopona, na wale walio baina ya hao wawili, nao hao wa katikati hawana wa kuwatetea ila yule ajuaye kuwatambua. Miaka 25 baadaye, tarehe 29 Septemba 2019, motokaa iliteleza kutoka katika feri huko Likoni, mama na binti yake ndani yake. Haikuopolewa mpaka tarehe 11 Oktoba. Taifa zima lilikaa ukingoni mwa kivuko kile kutazama, siku baada ya siku. Yaliyosemwa juu ya ukosefu wa vyombo vya kuzamia yalisemwa, sina haja ya kuyarudia. Ninalotaka msomaji alitie moyoni ni kwamba miaka 25 ilikuwa imepita, na maswali ya waliosimama ukingoni yalikuwa yaleyale: nani mkubwa hapa, na nani anajua la kufanya?

Swali la nani mkubwa lina mizizi katika sheria, na hapa naomba uvumilivu wako kidogo, kwa maana ndipo penye fundo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 43, inasema kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Ni maneno mazuri. Lakini jedwali la 4 la Katiba hiyohiyo limegawa kazi baina ya serikali mbili. Usalama wa nchi na polisi ni wa serikali ya taifa. Hospitali za kaunti na magari ya wagonjwa ni ya serikali ya kaunti. Kuzima moto ni kwa kaunti. Na maafa? Usimamizi wa maafa umeandikwa kwa zote mbili. Basi fikiri umevamiwa mji wa pwani na watu wenye bunduki. Anayejua penye hatari na pasipo na hatari ni afisa wa usalama aliyetumwa na Nairobi. Mwenye gari la wagonjwa ni mtumishi wa kaunti. Wa kwanza haruhusu mtu kupita mpaka mahali pawe salama kabisa. Wa pili hana amri ya kuingia wala mafunzo ya kuingia. Na katikati ya hao wawili amelala mtu anayevuja damu, ambaye Katiba imesema asinyimwe. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Hapa kila mmoja ameshika kinga chake, ameketi jikoni kwake.

Tabibu ninayemdai ndiye kiungo baina ya mikono hii miwili. Huyo amefunzwa kujua kwamba mahali pa tukio hapana sura moja: pana sehemu ambayo risasi zinaruka, na hapo si pake, pana sehemu ya nyuma ya askari, ambapo hatari imepungua wala haijaisha, na hapo aweza kuingia chini ya ulinzi, akafunga mshipa, akafungua njia ya pumzi, akamtoa mtu, na pana sehemu ya amani, ambapo kazi ya kuchambua hufanywa. Anajua kusema na askari kwa lugha ya askari katika redio, na na hospitali kwa lugha ya hospitali. Ajua hospitali ipi ina nafasi na ipi haina. Ajua pia kwamba mwenye nia mbaya huweza kuacha bomu la pili kwa ajili ya wanaokuja kuokoa. Mambo haya hayamo katika mitihani ya daktari wa kawaida, wala si haki kumtaka ayabuni siku yenyewe.

Nafika sasa kwenye pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote, maana halitoki kwa wavivu. Mzee mmoja wa Kidigo aliniambia hivi: "Mwanangu, daktari akipanda gari moja na askari, sisi tutajuaje kuwa amekuja kututibu?" Asiyeijua Kwale ataliona neno hili kuwa la ukaidi. Anayeijua atakumbuka tarehe 13 Agosti 1997, usiku ambao wavamizi waliteketeza kituo cha polisi cha Likoni na kuua askari 6, ghasia zikaenea kusini na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha, maelfu na maelfu wakahama makwao. Wavamizi walijificha katika msitu wa Kaya Bombo, kaya ambayo wazee waliiheshimu kwa sala na matambiko. Kisha likaja jeshi la msako, na ripoti za watetezi wa haki za binadamu ziliandika kwamba miongoni mwa waliokamatwa wapo walioteswa. Katika nyumba nyingi za Matuga na Msambweni hofu ya sare haikuanza katika vitabu.

Pingamizi hili silipuuzi. Kwanza, ni sababu ya kudai mafunzo yawe bora zaidi. Tabibu asiyefundishwa mipaka yake ndiye anayeweza kufanywa chombo: kuulizwa majina ya majeruhi kabla ya kuwafunga vidonda, au kutakiwa athibitishe kwamba aliyepigwa aweza kupigwa tena. Mwaka 1975 chama cha matabibu wa dunia kilikubaliana mjini Tokyo kwamba daktari asishiriki katika mateso, asiyaridhie, asiyafumbie macho, hata mtuhumiwa awe amefanya jambo gani. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 inamtaka mganga wa vita amtibu aliyejeruhiwa bila ya kubagua upande wake. Kanuni hizi zifundishwe siku ileile inayofundishwa kufunga mshipa, na zitahiniwe kwa ukali uleule. Tena tabibu huyo awe mtumishi wa hospitali, alipwe na hospitali, aandike katika daftari la hospitali; afuatane na askari kwa sababu njia ni moja, si kwa sababu bwana ni mmoja.

Pili, hebu tutazame alivyoishi mmoja wa walioanzisha kazi hii. Mfaransa Dominique Jean Larrey, ambaye baadaye alikuwa mpasuaji mkubwa wa majeshi ya Napoleon, alichukizwa kuona majeruhi wakiachwa uwanjani mpaka vita viishe. Mwaka 1792 alibuni magari mepesi ya farasi yaliyokimbilia majeruhi vita vikiwa vingali vinapiganwa. Akaweka na kanuni: mwenye jeraha la hatari zaidi atangulie, awe jemadari au kuruta, awe wa kwetu au wa adui. Alikuwa mtu wa jeshi tangu utosi hadi unyayo, na bado adui alimjua kuwa ni tabibu. Mwaka 1815, baada ya vita vya Waterloo, Waprusi walimkamata wakakusudia kumpiga risasi. Husimuliwa kwamba mganga mmoja wa upande wao, aliyepata kuhudhuria mafunzo yake, alimtambua akamwombea. Akapelekwa kwa jemadari Blücher, ambaye mwanawe aliwahi kutibiwa na Larrey huyohuyo, akaachiliwa. Naijua tofauti iliyopo baina ya Waterloo na Kwale. Lakini jawabu la mzee wangu limo humo: tutajua kuwa daktari amekuja kututibu siku tutakapomwona akimtibu yule ambaye askari wangependa asitibiwe.

Juu ya gharama sitasema mengi. Elimu hii haiko mbali kama inavyodhaniwa. Jirani zetu wa Tanzania walifungua idara ya matibabu ya dharura katika hospitali ya Muhimbili mwaka 2010, na mwaka huohuo chuo kikuu cha Muhimbili kikaanza kufundisha mabingwa wa fani hiyo. Wa kwanza wakahitimu mwaka 2013. Kenya iliutambua ubingwa huo rasmi mwaka 2017. Kutoka Lungalunga hadi Dar es Salaam ni safari ya siku moja kwa basi, na lugha ya mitaani ni hii unayoisoma. Ninachokiona mimi ni kwamba fedha hupatikana kwa vitu vinavyoweza kupigwa picha. Gari jipya la wagonjwa huzinduliwa kwa ngoma na hotuba, likafungwa utepe, likapigwa picha na wakubwa. Mafunzo ya daktari kwa miaka kadhaa hayafungwi utepe. Lakini gari la wagonjwa lisilokuwa na aliyefundishwa ndani yake ni teksi yenye king'ora.

Wako pia wanaosema kwamba madawa ya mama wajawazito hayatoshi, vipi tukaanza kuzungumza juu ya mabingwa wa misiba? Hoja hii ina uzito, nami sitaki senti moja ya mama mjamzito. Walakini mama anayevuja damu baada ya kujifungua katika zahanati ya Kinango ni majeruhi wa aina hiyohiyo. Pumzi yake, damu yake na saa yake ni zilezile. Bingwa huyu hakai akingoja bomu. Siku 360 za mwaka atakuwa katika chumba cha dharura akipokea waliogongwa na pikipiki, walioumwa na nyoka, watoto wenye degedege, na atawafundisha wauguzi na vijana wa bodaboda anachokijua. Msiba mkubwa utamkuta kazini.

Jambo moja zaidi, nalo lawahusu wanaoishi kwa wageni. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone, na Diani imeponea kwa wageni kwa miaka mingi. Tarehe 28 Oktoba 2025 ndege ndogo iliyoondoka Ukunda asubuhi kwenda Maasai Mara ilianguka katika vilima vya Tsimba Golini. Wageni 10 kutoka Hungaria na Ujerumani walikufa pamoja na rubani wao Mkenya, hapana aliyesalia. Hata bingwa wa mabingwa asingekuwa na la kumfanyia mtu pale, ila kuwatambua marehemu kwa heshima na kuwapa jamaa zao habari za kweli, kazi ambayo nayo inafundishwa. Lakini ndege hupaa Ukunda kila siku, na si kila ndege inayoanguka huua wote.

Kwa hiyo nimetaka mambo machache tu. Serikali ya kaunti na serikali ya taifa zikae meza moja, ziandike nani anaamuru nini mahali pa tukio, na karatasi hiyo ibandikwe Msambweni, katika kituo cha polisi cha Diani, na penye kivuko cha Likoni, isifungiwe kabatini. Kila mwaka Kwale ipeleke angalau daktari mmoja na wauguzi wawili wakasome fani hii, kwa mapatano kwamba watarudi kutumikia hapa. Na mara 2 kwa mwaka, bila ya kutangaza siku, pafanywe zoezi la kweli: mara moja ufukoni, na mara moja huko Samburu au Taru barabarani, askari, matabibu, wazima moto, wanamaji na vijana wa bodaboda pamoja. Wanafunzi wa shule za karibu waweza kujitolea kuwa majeruhi wa zoezi hilo, wapakwe rangi nyekundu, wengine waambiwe walie kwa sauti kubwa kadiri wawezavyo. Mmoja wao aambiwe akae chini ya mti, anyamaze kabisa, kisha watu watazame na saa mkononi itachukua dakika ngapi kabla ya mtu yeyote kumjia.